Vijiti vitano kwenye picha ya Kijapani, ni maandishi au nini?

Wakuu habari za saizi, nipo Ujerumani huku, jumapili nimepita soko la mitumba nikaokota picha ya Kijapani, zile za kuchongwa kwenye ubao halafu zinachapwa, euro 40 tu. Karatasi ukiigeuza rangi imepenya mpaka nyuma. Kuna kijana kakaa barazani na wadada wawili, nywele kazifunga utosini zimeachana ncha mbili kama mkia wa kamba (wa baharini sio wa kufungia mbuzi). Sasa juu kwenye kona kuna vijiti vitano vimesimama, havijagusana. Ni nini hivi? Sahihi nimesomewa ni Toyokuni.

Jibu 1
Bakodi ya kizamani hiyo mkuu 😂

Jibu 2
Mwenzio katania ila hajakosea sana. Hizo zinaitwa Genji-kō, zimetoka kwenye mchezo wa kunusa udi. Unafukiziwa mara tano, kila fukizo kijiti kimoja, zile unazoona zinafanana unaziunganisha juu. Namna za kuunganisha zipo 52, na Hadithi ya Genji ya bibi Murasaki Shikibu, ya miaka elfu iliyopita huko, ina sura 54, basi wakagawa kila sura alama yake isipokuwa ya kwanza na ya mwisho. Vijiti visivyogusana kabisa ni sura ya 2, Hahakigi.

Muuliza swali
Kumbe! Kwahiyo huyo kijana ndo Genji mwenyewe?

Jibu 3
Nywele zimemuumbua, huyo ni Mitsuuji, Genji wa kitabu kingine. Kuanzia 1829 Ryūtei Tanehiko alikuwa anatoa hadithi kwa vipande, kaichukua ya Genji kaisogeza enzi za mashogun (watawala wa kijeshi wa Japani), michoro ya Kunisada, watu wakaipenda mno. 1842 serikali ikaipiga marufuku, inasemekana walihisi inamchimba shogun na wake zake wengi, na Tanehiko akafariki mwaka huohuo. Utamu upo hapa sasa, Kunisada alianza kujiita Toyokuni 1844, na yule Toyokuni wa kwanza alishafariki 1825 kabla Mitsuuji hajatungwa. Kwahiyo kama sahihi ni ya Kunisada kweli, picha yako imechapwa kitabu kikiwa kimeshazimwa. Picha za Mitsuuji ziliendelea kuuzwa kama njugu, nyingi za karatasi tatu za kuunganisha, hebu angalia kingo zako, mkono au ua la mtu likiwa limekatika ujue wenzake wamebaki kwingine.

Ila usishangilie mapema, nakala za baadae zipo kibao.

Jibu 2
Na hiyo Hahakigi ndo ile vijana wamekaa usiku wa mvua wanachambua wanawake, huyu yuko hivi yule yuko vile, kijiwe kabisa. Japo wachoraji muda mwingine walibandika alama ya sura bila kujali sana picha inasema nini.

Muuliza swali
Wakuu ngoja. Upande wa kulia pindo la kimono limekatika kweli. Na nyuma ya baraza kuna mistari myembamba inashuka mshazari, mimi siku zote hizi nilijua ni mikwaruzo, jana nilikuwa naifuta na kitambaa.