Raba za milango ya gari zinachanika kwenye baridi kali: naomba ushauri

MkaaBaridi: Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Winnipeg, Kanada, ambako usiku wa Januari halijoto inaweza kushuka chini ya nyuzi -30 za Selsiasi, na asubuhi raba za milango ya gari langu huwa zimegandamana na bodi kiasi kwamba nikivuta kwa nguvu zinachanika. Za upande wa dereva nimeshazibadilisha. Nifanye nini ili zidumu?

FundiMstaafu: Kabla ya yote, unazipaka nini?

BintiTanga: Pole sana, kaka. Nilipokuwa Minnesota, zilizonitesa ni waipa: raba zake zilikuwa ngumu kama ubao, nami nilizinyanyua juu ya kioo kila jioni. Rudi nyumbani tu, huku hakuna barafu.

MkaaBaridi: Sioni umuhimu wa swali la fundi, lakini ninapaka grisi ya beringi. Marehemu baba aliipaka kila mahali na lori lake lilidumu. Tena nimeshanunua kopo jingine kubwa, hivyo tujadili baridi, si grisi.

FundiMstaafu: Ndipo penye tatizo hapo. Raba za milango kwa kawaida ni za EPDM, mpira wa viwandani unaostahimili baridi vizuri, lakini grisi inayotokana na mafuta ghafi huuvimbisha na kuulegeza, ukachanika upesi. Kinachoshika mlango ni unyevu ulioganda kati ya raba na bodi. Zioshe kwa sabuni, zikauke kabisa, kisha upake grisi ya silikoni, nyembamba tu.

Mcha_Mungu: Vijana hununua kwanza, ushauri baadaye.

SihadaikiMimi: Mnapoteza muda. Mkazi wa Winnipeg asingeacha kutaja waya wa kuchomeka gari kwenye umeme usiku. Huyu anaandika akiwa Kariakoo, feni inampepea.

MkaaBaridi: Waya ninao na ninauchomeka. Unapasha injini joto. Mlangoni joto hilo halifiki.

BintiTanga: Hapo amesema kweli, nami niliishi hivyo. Usimwagie maji ya moto, kaka: yataganda papo hapo, na kioo kinaweza kupasuka. Usukume mlango kwa bega kwanza ili barafu ivunjike, ndipo uvute.

MkaaBaridi: Na kopo langu?

FundiMstaafu: Litumie kwenye beringi.