Vitabu vya mapishi kwa maktaba ya shule ya msingi, nichague vipi?

Mkutubi_Moro: Wadau, habari za leo. Nasimamia maktaba ya shule ya msingi hapa Morogoro. Kamati imekubali tununue vitabu vya mapishi, watoto wa darasa la tatu hadi la saba waazime wakapike na wazazi. Hela inatosha vitabu vichache tu. Dukani vya Kiingereza vimejaa na picha zinatamanisha, vya Kiswahili vya kutafuta. Naanzia wapi?

Shangazi Tanga: Mwalimu, picha ziache kwanza, angalia jiko. Fungua kurasa uone ni mapishi mangapi yanataka oveni. Wengi wetu tunapikia mkaa au mtungi mdogo wa gesi, kitabu cha keki tupu kitatazamwa tu. Chukua cha sufuria na kikaango: chapati, mchicha, mayai, kachumbari, uji.

Baba Zuhura: Cha Marekani kina mtihani wa vipimo. Kikombe chao ni kama mililita 240, na nyuzi 350 za Fahrenheit ni kama 180 za Selsiasi. Bandika jedwali ndani ya jalada. Halafu soma viungo vyote: jelatini, ile ya kugandishia vitamutamu, mara nyingi hutokana na nguruwe, na wazazi Waislamu watakuuliza wewe, si mchapishaji.

Fundi Keki: Shangazi, keki mbona tunaoka kwa sufuria, makaa chini na juu?

Shangazi Tanga: Wewe fundi. Mtoto wa miaka tisa abebe mfuniko wenye makaa?

Fundi Keki: Hapo umenishika. Basi mwalimu, chagua kinachosema wazi hatua ipi ni ya mtu mzima. Mimi huwa nasoma ukurasa wa maharage. Maharage mekundu yakiiva nusunusu yanaumiza tumbo; yanalowekwa, maji yanamwagwa, yanachemshwa kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo moto upunguzwe. Kitabu kikiruka hilo, kirudishe.

Mkutubi_Moro: Asanteni sana. Na vikirudi na mafuta?

Baba Zuhura: Vivishe nailoni. Au mtoto anakili pishi moja kwenye daftari, kitabu kisifike jikoni kabisa.

Mkutubi_Moro: Hiyo nimeipenda. Na mapishi ya bibi zao tukiyaandika wenyewe, kufidia uhaba wa Kiswahili?

Shangazi Tanga: Andikeni, ila mkapime kwa kikombe. Bibi yangu chumvi ni "kiasi", maji ni "kiasi", na moto pia ni "kiasi" 😂