Sabato ya Kiyahudi na umeme: kubonyeza swichi kunakuwaje "kazi"?

Mdadisi:
Wakuu, Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto siku ya Sabato. Sasa taa ya LED haina moto, na swichi haimchoshi mtu. Myahudi anayeshika sheria na amesoma fizikia anatetea vipi katazo hili? Na jokofu analifanyaje?

Mpenda_Mishna:
Mkuu, suala la kuchoka liweke kando. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, imeorodhesha aina 39 za kazi: kulima, kupika, kuandika, kujenga, kuwasha na nyinginezo. Kinachopimwa ni kile unachokiumba. Kuhamisha kiti kizito ndani ya nyumba ni ruksa hata ukitoka jasho, ila kuandika herufi mbili tu ni kosa.

Taa ya zamani haina ubishi mkubwa: uzi wake unapata moto mpaka unang'aa, na tayari Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliuhesabu uchomaji wa chuma kama kuwasha. Ugomvi uko kwenye LED. Rabi Avraham Karelitz, maarufu kama Chazon Ish, alisema kuunganisha saketi ni kujenga. Rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Jerusalem hakukubali: swichi imetengenezwa ifungwe na kufunguliwa kama mlango, na afungaye mlango haitwi mjenzi. Pamoja na hayo hakuruhusu watu wawashe, kwa kuwa desturi ya kujizuia imeshatulia. Kwangu huo ndio msimamo wa kweli kuliko yote: hakulazimisha fizikia iseme isichosema.

Rai_ya_Pili:
Kuna na upande wa Conservative, tawi la Uyahudi lenye msimamo wa kati, Marekani. Mwaka 1950 kamati yao ya sheria ilipitisha rai iliyoruhusu umeme, pamoja na kuendesha gari kwenda sinagogi. Mwaka 2012 ikapitisha andiko la Rabi Daniel Nevins, ambalo ni makini zaidi: umeme wenyewe si kazi, tazama kifaa kinafanya nini. Jiko la umeme linapika, basi ni kupika. Simu inahifadhi data, na hilo linaangukia kwenye kuandika.

Fundi_wa_Ijumaa:
Jokofu: Ijumaa, kabla ya kuwasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato (kwa kawaida dakika 18 kabla ya jua kuzama, Jerusalem 40), chomoa balbu ya ndani au bandika utepe kwenye kitufe cha mlango, ili taa isiwake mlango ukifunguliwa. Majokofu mapya yana vihisio na skrini, kwa hiyo utepe hautoshi. Tafuta lenye mpangilio wa Sabato, unaovizima vitu hivyo. Joto linaloingia mlango ukifunguliwa huiwahisha mota kuwaka. Wengi wanaruhusu kwa sababu ni tokeo la mbali lisilokusudiwa. Wakali hufungua mlango pale tu mota ikiwa tayari inanguruma.

Taa za sebuleni tegea saa ya kuchomeka ukutani, inayowasha na kuzima yenyewe. Ile ya kuzungusha husimama umeme ukikatika: ukipotea kwa muda wa saa mbili, taa zitachelewa kuzima kwa muda huo huo.

Ila mgonjwa akizidiwa, yeyote aliye karibu apige simu hapo hapo. Kuokoa uhai kunaivunja Sabato, na kusitasita ili kutafuta rabi ndilo kosa.