Mrejesho: Kitembe nilichoishi nacho tangu utotoni

Wapendwa, niliwahi kuuliza iwapo mtu mzima ambaye sauti za s na z zimemshinda tangu utotoni bado anaweza kupimwa, na wengi mlinishauri nimwone mtaalamu wa tiba ya usemi. Nawashukuru kwa dhati, kwani nimeshapimwa.

Usikivu, meno, kaakaa na kijinyama cha chini ya ulimi vilionekana vizima. Alichokazia zaidi ni matamshi yenyewe: alinisikiliza nikitaja neno mojamoja, nikisoma na nikizungumza kawaida, kisha akaweka mrija pembeni mwa meno yangu nilipokuwa nikitamka s, nasi sote tukasikia hewa ikivuma ndani yake, ilhali ilipaswa kupita katikati ya ulimi. Ni kitembe cha pembeni, ambacho kwa kawaida hakiishi chenyewe mtoto anapokua. Kwa kuwa hakikuanza ghafla ukubwani, na ulimi wangu hauna udhaifu wowote, hakuona dalili ya kiharusi wala maradhi ya neva.

Sasa ninajifunza kutamka t na kuirefusha taratibu hadi igeuke s. Siku s safi ilipotoka kinywani mwangu, nililia. Maneno mazima bado; kwa sasa tunashughulikia silabi.