Matokeo ya skripti yanatoka na nafasi nisizozitaka

mkesha_wa_seva:
Habari za kazi, wakuu. Nina skripti ya bash inayokagua diski za seva kila usiku na kuandika ripoti. Taarifa ni sahihi, mpangilio ndio unaonishinda. Kipande chenyewe hiki hapa:

```
ripoti=$(df -h)
echo $ripoti
ujumbe="Ukaguzi umekamilika, \
        hakuna hitilafu."
echo "$ujumbe"
```

Jedwali la `df` (amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski) nikiliita peke yake linatoka limenyooka vizuri. Likipita kwenye skripti, linakuwa mstari mmoja mrefu usiosomeka. Halafu ule ujumbe unatoka na pengo baada ya mkato: nafasi tisa nzima! Zile za mwanzo wa mstari nimeziweka makusudi ili msimbo usomeke, sipendi kuzifuta. Nifanyeje?

kamba_ndefu:
Andika `echo "$ripoti"`, pamoja na alama za nukuu. Jedwali litarudi.

fundi_sheli:
Jibu la hapo juu ni sahihi, ila naomba niongeze sababu, maana usipoijua tatizo litakurudia kwa sura nyingine.

`echo` haina kosa. Kigeu (kama `$ripoti`) kisipokuwa ndani ya nukuu, sheli yenyewe (programu inayosoma amri zako, hapa ni bash) hukikata vipande kila penye nafasi, Tab au mstari mpya (herufi hizo ndizo zilizomo kwenye `IFS`). `echo` inapokea maneno yaliyokwisha kutenganishwa, inayaunga kwa nafasi moja moja. Ile mistari mipya haikuifikia kabisa. Na kuna la hatari zaidi. Jaribu hivi:

```
x='* muhimu'
echo $x
```

Nyota itageuka kuwa majina ya mafaili yote yasiyofichwa ya folda uliyomo. Fikiria hiyo ingekuwa `rm`, amri ya kufuta mafaili, badala ya `echo`. Ndiyo maana nasisitiza nukuu hata pale unapoona hazihitajiki.

Kuhusu pengo: mkwaju wa nyuma (`\`) mwishoni mwa mstari unajiondoa wenyewe pamoja na mstari mpya, basi. Nafasi nane zinazofuata zimo ndani ya nukuu, kwa hiyo ni sehemu ya maandishi, na ile moja iliyo baada ya mkato inatimiza tisa. Kata mstari nje ya nukuu:

```
printf '%s %s\n' \
    'Ukaguzi umekamilika,' \
    'hakuna hitilafu.'
```

Hapo nafasi za mwanzo wa mstari zinatenganisha maneno tu, hazichapishwi.

mkesha_wa_seva:
Asante sana, yote mawili yamekaa sawa. Ila kuna ujumbe mwingine wa mistari mingi, nimeuandika kwa `cat <<-EOF` nikiamini ile alama ya kutoa inaondoa nafasi za mwanzo. Hazijaondoka, na bash inalalamika kwamba haikuona `EOF` ya kufunga, yaani neno la kuonyesha mwisho wa ujumbe.

fundi_sheli:
`<<-` huondoa Tab peke yake, nafasi za kawaida haizigusi. Bila shaka kihariri chako kinageuza Tab kuwa nafasi, na ndiyo maana `EOF` yako, ikiwa na nafasi mbele, haitambuliki kuwa ya kufunga. Usikisie kwa macho, endesha:

```
cat -A skripti.sh
```

Tab itaonekana kama `^I`, na kila mstari utaishia na `$`. Kwenye macOS tumia `cat -et`. Ukiona `^M$`, faili limehifadhiwa kwa mtindo wa Windows. Liondolee hiyo herufi kwa `tr -d '\r'` ukiandika kwenye faili jipya.

mkesha_wa_seva:
Kweli, hakuna `^I` hata moja. Nimezima ugeuzaji wa Tab kwa mafaili ya sheli, nimeandika upya kile kipande, ujumbe umetoka umenyooka pembeni kushoto.

kamba_ndefu:
Ukimpa mwenzako skripti hiyo, mwambie kuhusu Tab. Kihariri chake kikizigeuza, `EOF` itapotea tena. Mimi huacha `<<EOF` ya kawaida na kuyaanza maandishi ukingoni kabisa, hata kama msimbo haupendezi.