Yule muuza samaki wa Feri kanivua nguo mchana kweupe

Wakuu, nina hasira hata herufi sizioni vizuri. Mnamjua. Simtaji, ila yeyote aliyewahi kula samaki wa kukaanga pale Feri, soko la samaki la Dar, anamjua: kofia ya sufu jua la saa saba, sauti kama honi ya meli.

Nimetoka ofisini Posta, nimekata Samora, nimempita yule Askari wa sanamu na bunduki yake anayoielekeza bandarini tangu 1927, nikateremka Kivukoni kwa miguu. Shati limenigandia mgongoni. Nikaonyesha samaki changu mmoja wa wastani, kaiva vizuri, nikatoa elfu tatu. Jamaa akazichukua noti, akazikunjua, akaziinua juani kama anakagua bandia. Halafu akapaza sauti:

"Bosi, hii hela ya mapezi."

MAPEZI.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama wa ndimu alicheka hadi kisu kikamdondoka. Kuna meli ya makontena ilikuwa inapita mlangoni mwa bandari, naapa nayo ilicheka. Na mimi nimevaa tai, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, kila mtu anasoma jina na idara huku naambiwa hela ya mapezi. Nina digrii mimi!

Mbaya zaidi, nikaongeza elfu mbili. Ndiyo, niliongeza. Akanifungia kwenye gazeti, kisha akatupia vipezi viwili juu: "Hivi vya ofa, bosi."

Sijala mpaka sasa. Kifurushi kiko mezani kinanitazama.

Mchwa_wa_Kimara: Changu elfu tatu? Mkuu umekuja na bei za awamu ya pili, enzi za Mwinyi?

BintiPwani: Tai na kitambulisho Feri? Umejitakia. Pale wakiona tai bei inapanda yenyewe.

Mtoa mada: Tai nilishailegeza!!

Dagaa_Mchele: Pole sana, Hela ya Mapezi.

Mtoa mada: Ndiyo maana watu wanaacha kuandika humu.

Kobe_Mstaafu: Afadhali wewe samaki umeondoka naye. Mimi juzi pale mbele ya kanisa la Azania Front kunguru kaninyang'anya chapati mkononi, akapanda nayo juu ya nguzo, anakula ananiangalia.

Dagaa_Mchele: Hao kunguru waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka. Taka wamewaachia nyie, wao wanataka chapati.

Mvukaji: Mnalia samaki na kunguru, sisi wa Kigamboni tunaovuka maji kwa pantoni tuseme nini? Leo geti limefungwa mbele yangu yaani nilikuwa gari la pili. Pantoni naliona linakwenda, mtu wa nyuma ananipigia honi. Anataka niogelee?

Mchwa_wa_Kimara: Si upite Daraja la Kigamboni.

Mvukaji: Nizunguke Kurasini halafu nilipie? Asubuhi na jioni?

BintiPwani: Waenda kwa miguu darajani bure.

Mvukaji: Na gari nilibebe kichwani, dada?

Mtoa mada: Jamani, turudi kwa huyu wa mapezi, mbele za watu kabisa...

Kobe_Mstaafu: Mapezi, tulia kidogo. Mvukaji, ni gari gani hilo? Unauza?