Oveni inaandika hitilafu F1, nimeuziwa sensa mbili za joto, kumbe ni bodi! Nataka hela yangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Oveni yangu ya umeme ina miezi 14. Niliinunua mpya ndani ya boksi hapa hapa Dar, na kadi ya waranti ya miaka miwili ninayo, imegongwa muhuri. Naoka keki nyumbani, Tabata. Ada ya wanangu inatoka humo. Duka sijalitaja kwa sababu nimewapa mpaka Ijumaa.

Ilikuwa hivi. Usiku umeme ulikatika, uliporudi taa ziliwaka kwa ukali mpaka nikashtuka, kisha zikatulia. Asubuhi nikawasha oveni nyuzi 170, nikaingiza keki ya sendofu, kilo sita. Hazikupita dakika 20 ikaanza kulia pii pii pii, kioo kinaandika F1. Nikabonyeza kuzima. Kioo kikazima kweli, lakini nilipochungulia mlangoni koili ya juu bado nyekundu kama kaa la moto! Nasimama mbele ya oveni iliyozimwa na inazidi kuchemka. Nilikimbilia swichi ya ukutani. Keki juu imekuwa mkaa, katikati uji. Mwenye sherehe nilimrudishia hela yake yote huku nimeinamisha kichwa.

Fundi wa duka alikuja siku ya tatu. Mita ya kupimia vifaa vya umeme alikuwa nayo kwenye begi, niliiona kwa macho yangu, na begi hakulifungua. Akatazama kioo, akasema, "Dada, hiyo sensa tu."

Nikamwambia, "Kaka, pima kwanza. Kitabu cha oveni kinasema F1 ni bodi, ile saketi inayoiongoza oveni, au joto kupanda bila amri. Sensa iliyokatika ni F3, iliyopiga shoti ni F4." Nilimfungulia ukurasa wenyewe. Akanijibu kwamba vitabu vinaandikwa na watu wasiojua mazingira yetu, yeye ana uzoefu. (Kodi hizi za hitilafu zinatofautiana kampuni na kampuni, kwa hiyo someni kitabu cha oveni yenu, msichukue changu.) Nikalipa 95,000, kwa sababu eti sensa ni kifaa cha kuchakaa, waranti haiigusi.

Siku mbili, F1 ikarudi. Akaja tena, akasema ile sensa ilikuwa feki. Sensa aliyoileta yeye! Nikalipa nyingine 60,000 na nauli yake 20,000. Safari hii haikumaliza hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoenda kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na TV jirani na kwetu. Nilimwamkia, nikamweleza, akafunga kibanda akaja na mita yake. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Mwanangu, sensa zilizotolewa ziko wapi?" Namshukuru Mungu sikuzitupa, zilikuwa kwenye droo ya vijiko. Akazipanga mezani mbili, na ya tatu akaichomoa kwenye oveni, umeme ukiwa umekatwa swichi ya ukutani na meini swichi.

Akanieleza kwamba sensa ya aina hii ni ya platinamu. Kwenye nyuzi sifuri inasoma omu 1,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na kila nyuzi moja ya joto inaongeza karibu omu 4. Jikoni kwangu mchana ule ni kama nyuzi 30, kwa hiyo tutegemee 1,115 hivi. Akapima ya kwanza: 1,116. Ya pili: 1,114. Ya tatu: 1,115. Akaifumbata moja kwenye kiganja, namba zikapanda taratibu mpaka karibu 1,140. Zote tatu nzima! Ile iliyokuja na oveni kutoka kiwandani haikuwa na kosa lolote. Nilikaa kwenye ndoo nikalia, wakuu. 175,000 zimeenda kwenye vitu vizima, na kipimo chenyewe hakikufika dakika tano.

Kisha akapima ile njia ya waya kuanzia plagi ya sensa mpaka kwenye bodi, nayo safi. Akachomoa mkanda wa vitufe, kwa sababu kwenye oveni nyingine kitufe kilichonasa nacho huleta kodi ya hitilafu. Umeme ukarudishwa kidogo, F1 ipo pale pale. Akakata tena, akasubiri, akaitoa bodi.

Nilionyeshwa na nikapiga picha. Kapasita moja kubwa (kile kikopo kinachotunza chaji ya umeme) imevimba kichwani, wenzake bapa. Pembeni yake kuna rilei, zile boksi ndogo nyeusi zinazosikika tak! oveni ikiwasha koili. Chini ya mguu wa rilei mojawapo bodi imeungua rangi ya kahawa na lehemu imepasuka duara. Mzee akaweka ncha za mita kwenye miguu ya rilei hiyo. Bila umeme ilitakiwa iwe wazi kabisa. Mita ikalia. Maana yake meno ya ndani yameshikana, koili inapata umeme muda wote, uzime usizime. Bodi inaona joto linapanda haijaliamuru, ndiyo inapiga kelele F1. Oveni ilikuwa inasema ukweli tangu siku ya kwanza, na mtu aliyelipwa kuisikiliza akaniuzia sensa.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko hela. Fundi aliondoka mara mbili akaniambia nitumie tu. Rilei imeganda, koili haizimi, watoto wangu wanalala chumba kinachopakana na jiko.

Nimerudi dukani na picha. Jibu: bodi ni 410,000, nilipe, kwa sababu imeharibiwa na umeme na umeme hauko kwenye waranti. Sawa, kama mlijua ni umeme, zile sensa mlinichaji za nini? Kadi yangu nimeisoma mstari kwa mstari, imeandika vifaa vyote vya ndani miaka miwili, neno umeme halimo. Nikiuliza, wanaitana wao kwa wao, bosi hayupo.

Nataka 175,000 zangu na bodi mpya bila malipo. Wasiponipa mpaka Ijumaa, Jumatatu napeleka risiti, kadi, sensa tatu na picha FCC (Tume ya Ushindani) chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na jina la duka nitalitoa.

Sasa naomba msaada wa wanaojua. Mzee anasema anaweza kubadilisha rilei na kapasita kwa hela ndogo tu. Rilei imeandikwa volti 12, ampea 16. Ila nikigusa bodi, hawa watapata kisingizio. Aliyewahi kudai waranti ya bodi akashinda, alipeleka vielelezo gani? Na anayejua wapi napata rilei ya ampea 16 za kweli aniambie, maana nimeambiwa zipo zinazoandikwa 16 na haziwezi hata 10, na koili yangu sitaki ishikane tena.